Rahila wa Beti na Rahila wa Picha

Tulimzika Anjelina kule Kaliua, mchana wa jua kali, na tulipokwisha kunawa mikono tukaketi kula wali wa msiba uani kwa mwanawe wa kwanza. Mkamwana aliyekuwa akigawa mchuzi aliniuliza, kwa adabu kabisa, mimi na marehemu tulijuana vipi, maana mimi ni Mwislamu wa Tabora mjini na yeye alikuwa Mkatoliki hasa, mtu wa misa ya asubuhi mpaka miguu ilipomkatalia. Nikamjibu, "Tulikutana kisimani, tukafungwa na picha moja ya sinema, ambayo nusura nisiitazame." Wanawake wakacheka, wakadhani bibi anatania ili kuwaondolea huzuni. Sikuendelea, msibani si mahali pa hadithi ndefu. Lakini ndani ya treni ya kurudi, miombo ikipita dirishani mikavu na myekundu, moyo ulianza kunidunda kama wa msichana anayeogopa kuchelewa. Nina miaka zaidi ya themanini sasa. Sikujua kwamba furaha ya zamani inaweza kumrudia mtu siku ya mazishi, tena bila kumwomba radhi.

Habari za ukoo wetu nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, nikikaa mtaa wa Gongoni kwa mama yangu mdogo, Mama Mwajuma, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani, ingawa watu wazima walikuwa wameanza kuzungumza siasa barazani na kunyamaza ghafla kila askari alipopita. Asubuhi nilifagia, nikateka maji, nikasaidia kukaanga maandazi. Kazi zikiisha nilijitupia kanga na kukata vichochoro viwili kwenda kwa Bibi Shani. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwembamba kama ufito, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alikuwa amenichagua mimi. Siku moja alinisikia nikiimba huku nikitwanga, akaja mpaka uani kwetu, akamwambia mama mdogo, "Mwajuma, mtoto huyu niazime. Nina mzigo nataka kumtwika kabla sijafa."

Mzigo wenyewe ulikuwa utenzi. Chumba cha mbele cha Bibi Shani kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, birika la shaba, na sanduku jeusi la mbao lililokuja Unyanyembe mabegani mwa wapagazi, siku za misafara, babu yake alipopanda kutoka pwani. Ndani ya sanduku, chini ya kanga zenye harufu ya udi, kilikaa kitabu cha Rahila, kimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, beti elfu moja na ushei. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaanza kuyakataa maandishi ya karibu. Aliweza kumtambua mtu akiwa mwisho wa mtaa, lakini herufi zilizokuwa pajani pake zilimkimbia. Kwa hiyo mimi nilisoma polepole, kwa kidole, naye akanisahihisha kwa kukumbuka, kisha nikarudia mpaka ubeti ukakaa. Tulitafuna matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukashushia chai ya tangawizi iliyotiwa asali, na mara nyingine nilisahau kwamba nje kuna mji na baiskeli na kengele ya shule. Kwangu Rahila alikuwa mtu. Alikuwa binti wa sultani ambaye kaka yake, Nasoro, alitekwa vitani, na baba yao akawa anazeeka kwa kilio. Watu wazima wote waliogopa kumfuata mateka. Rahila akakata nywele, akavaa nguo za kiume, akaingia njiani.

Rahila akaondoka
na farasi akaruka
nyuma vumbi likafuka
mji ukapoteleya.

Kila nilipoughani ubeti huo niliuona uso wake: mwembamba, mweusi, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo halimo katika utenzi hata kidogo, nimelitia mwenyewe. Alivuka majangwa saba, akapigana, akadanganya, akafungwa, akatoroka, mpaka akafika kwenye mlango wa nyumba alimokuwa kaka yake. Akainua mkono kubisha. Hapo karatasi zilikwisha. Mchwa walizila kurasa za mwisho kabla mimi sijazaliwa. Beti arobaini za mwisho zilikuwa kichwani mwa Bibi Shani peke yake, na kwa kadiri tulivyojua hazikuwa mahali pengine popote duniani. Naye alikuwa na sharti lake: hakumpa mtu beti hizo mpaka aghani zile za kitabuni zote bila kujikwaa. Ukijikwaa mara tatu kwa siku, kitabu kinafungwa, unarudi kesho. Mwaka ule, jua la kiangazi lilipokuwa limeshaanza kukausha visima, nilikuwa nimebakiza beti mia moja na sitini kufika mlangoni.

Anjelina aliingia katika jambo hili kwa sababu ya mwandiko wake. Baba yake alifanya kazi reli, naye alisoma shule ya misheni, akawa na mwandiko uliolala vizuri kama mchele uliopepetwa. Tulijuana kisimani. Nilipomwambia habari za mchwa alishtuka kama nimemwambia kuna mgonjwa ndani. "Na huyo bibi akifa je?" akauliza. Siku ya pili alikuja na daftari na kalamu, akampigia goti Bibi Shani. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba. Wewe ndiye Mkristo anayetaka kuniandika?" "Ndiyo, Bibi." Bibi akamtazama, akacheka, akamsogezea sinia la karanga. Toka siku hiyo mimi nikighani, Anjelina anaandika kwa herufi za shule, na ananishika makosa kuliko hata Bibi.

Basi Ijumaa moja nilikuwa nimetumwa chumvi dukani, nikaona watu wamejazana mbele ya jumba la sinema la Bwana Jetha. Nikapenya kwa mabega. Tangazo jipya lilikuwa limebandikwa ukutani, gundi bado mbichi. Mwanamke juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, kitambaa kinapepea nyuma yake, na chini yake jina kwa Kiarabu. Nikalisoma herufi moja moja, kama nilivyofundishwa kwenye mkeka wa Bibi Shani. Ra. Ha. Nililisoma mara ya pili: Rahila. Mzee mmoja Mwarabu aliyekuwa na duka la vitambaa jirani alikuwa akiwaeleza watu: ni picha kutoka Misri, na kisa ni kile kile cha zamani ambacho babu zake walikisimulia kwao na washairi wa pwani wakakitia katika beti. "Rahila huyu huyu," akasema, akipiga tangazo kwa bakora. "Sasa anatembea. Anasema. Farasi anakimbia kwelikweli." Bwana Jetha mwenyewe, kifua mbele, alikuwa akitangaza mlangoni: picha itakaa mpaka Jumatano tu, Jumatano saa tisa alasiri ni onyesho la wanawake peke yao, hata mpiga mashine ya picha amewekewa pazia, Alhamisi masanduku ya picha yanapanda treni ya Mwanza. Nilirudi nyumbani mbio bila chumvi.

Jioni ile uani kwetu hapakuzungumzwa jambo jingine. Wanawake walikuja na vigoda vyao kana kwamba kuna posa. Mama Mwajuma alikuwa akichambua mlenda, nami nimejikunyata jikoni nikisonga ugali na masikio yote yako nje. Mmoja alisema mwanamke kuonyeshwa ukutani akipanda farasi ni aibu. Mwingine akamjibu kuwa aibu ni ya aliyepanda, siyo ya aliyetazama. Mama mdogo akasema yeye hajawahi kuingia humo ndani, lakini kama ni siku ya wanawake na mlango unafungwa, hajui dhambi iko wapi. "Na Shani je?" mtu akauliza. "Rahila si wa kwake? Atakwenda?" Nikaacha mwiko nisikilize jibu, ugali wangu ukaungua.

Asubuhi yake tulimkuta Bibi Shani amekwisha kupata habari. Alikuwa ameketi wima kuliko kawaida. Anjelina, ambaye hakuwa na breki mdomoni, alimrukia hapo hapo: "Bibi, twende wote!" Bibi akaimimina chai taratibu, akajaza vikombe vitatu, ndipo akasema. "Mimi ninaye Rahila wangu tangu nina miaka tisa. Nimelala naye njaa, nimezika naye mume. Nikienda pale nikaona uso wa yule mwanamke wa Misri, wangu atatoka mlangoni na hatarudi. Uso wa macho hushinda uso wa moyo. Nyie watoto hamjui." Nikasema kwa sauti ndogo, "Lakini Bibi, sisi tunataka kuona." Akaniangalia muda mrefu. Leo najua maana ya mtazamo ule, kwa kuwa nimewatazama hivyo hivyo wajukuu zangu walipotaka kuondoka. Akasema, "Kwako wewe neno langu ni jingine. Wale watu wa Misri wamefika mwisho wao. Wewe hujafika. Mwisho utakaoanza kuusikia ndio utakaokaa; wa pili utakuwa mgeni maisha yako yote. Fika mlangoni kabla ya Jumatano saa tisa, bila kujikwaa, nikupe arobaini zangu. Halafu kaangalie picha, hata mara saba. Sikuzuii. Lakini usipofika, chagua mwenyewe unataka mwisho wa nani."

Beti mia moja na sitini kwa siku tano! Sijapata kuishi siku nyingine kama zile. Nilighani nikifagia, nikaghani nikikanda unga, nikaghani kisimani mpaka wanawake wakajua kipande cha Rahila kufichwa pangoni na wakawa wananijibu. Mama Mwajuma alinikuta nimesimama katikati ya uwanja na ndoo kichwani, macho nimefumba, midomo inakwenda. "Mtoto huyu amepagawa," akasema, lakini akaniondolea kazi ya maandazi bila kunieleza sababu. Anjelina alinifuata kila mahali na daftari. Alikuwa na fimbo ya mtama, nikikosea neno ananigonga begani. "Si 'akenda', ni 'akaenda', umepunguza mizani!" Jumapili alitoka misa akaja mbio na kitambaa cha kanisani bado kichwani, ananiambia padri amehubiri dhidi ya sinema. "Basi huendi?" nikamuuliza, roho juu. Akafikiri kidogo. "Alisema sinema za ulevi na mapenzi. Hakusema utenzi." Tukacheka mpaka tukaanguka. Jumatatu nilikuwa nimekula beti mia. Jumanne jioni nilifika mlangoni: Rahila ameinua mkono. Nilikuwa nimemaliza karatasi zote. Ilibaki kuzighani asubuhi yake mbele ya Bibi.

Jumatano asubuhi nilioga, nikavaa kanga zangu nzuri, nikaketi mkekani. Nilianza vizuri sana. Sauti ilikuwa imenyooka, na Bibi alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayebembelezwa. Kisha, kipande cha jangwa la nne, nikasikia nje mpiga zumari wa Bwana Jetha akipita kuitangaza picha mitaani, watoto wakimfuata. Neno moja likaniponyoka. Nikalishika. Mbele kidogo nikaruka ubeti mzima, Anjelina akakohoa, nikaurudia. Nikafika mahali nimebakiza kama beti ishirini tu. Nilianza kuharakisha, nami nikijua naharakisha, kama mtu anayeteremka mlima na miguu imekataa kusimama. Nikachanganya jina la mfungwa na jina la mlinzi. Mara ya tatu. Bibi Shani akanyoosha mkono, akafunika kitabu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kesho," akasema. Nikamwambia kesho masanduku yako kwenye treni. "Najua," akajibu, akaniondolea jasho usoni kwa ncha ya kanga yake. "Nenda kapumzike."

Nililala kitandani kwetu nimegeukia ukuta. Saa nane Anjelina alikuja na tiketi mbili ambazo baba yake, kwa mshangao wa familia nzima, alikuwa amemnunulia. Mama Mwajuma alikuwa amekwisha kujifunga buibui, yuko mlangoni, ananuka asumini. "Unakwenda au huendi?" Anjelina akauliza. Nikasema sijui. Nikamweleza kwamba nikienda nitaujua mwisho wa wale watu wa Misri, na ule wa Bibi utakuwa mgeni. Na nisipokwenda, maisha yangu yote Rahila atapita mjini kwetu na mimi nimelala nimegeukia ukuta. Nilikuwa nalia kwa hasira. Anjelina akaketi ukingoni mwa kitanda, tiketi pajani. Kisha akasema, "Kwani nani amesema lazima ukae mpaka mwisho?" Nikageuka nikamtazama. "Unajua mpaka mlangoni," akasema. "Basi tazama mpaka mlangoni. Akiinua mkono, inuka." Halafu nikaruka chini, nikatafuta kandambili, nikakosa moja, nikaenda pekupeku.

Ndani ya jumba palikuwa na joto na harufu ya udi, jasho la watoto na karanga za kukaanga. Wanawake wa mji mzima walikuwa humo: Wahindi, Waarabu, Wamanyema, Wanyamwezi, wake za watu wa reli, bibi harusi mmoja mwenye hina bado mbichi. Taa zikazimwa, ukuta ukaangaza, na huyo hapo Rahila. Nilikamata mkono wa Anjelina nikaufinya. Hakuwa mwembamba, wala hakuwa na kovu. Alikuwa mnene kidogo, mweupe, na macho makubwa ya wanja. Nikasubiri wangu atoke mlangoni kama Bibi alivyosema. Hakutoka. Alikaa pale pale ndani yangu, akamtazama mwenzake wa ukutani, kama wanawake wawili waliokutana kisimani. Lakini watu wa picha walikuwa wakisema Kiarabu kitupu, na baada ya robo saa minong'ono ikaanza kupanda. "Anasema nini?" "Yule ni nani, mume?" "Mbona analia?" Mke wa yule mzee wa vitambaa alikielewa, lakini kila akiulizwa alijibu kwa kwikwi. Ndipo Anjelina akasimama juu ya kiti chake akapiga ukelele: "Zuhura anakijua! Zuhura wa Mwajuma anakijua kisa chote!" Nikasukumwa mgongoni, nikapitishwa mikononi kama mzigo, nikajikuta nimesimama kando ya ukuta mweupe, mwanga ukinimulika nusu ya uso.

Sikuwa nimepata kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Rahila alikuwa ameshika mkasi. Nikaanza kughani, kwa woga, ubeti wa kukata nywele, na nywele zikaanguka ukutani neno kwa neno na mimi. Jumba likanyamaza kimya. Basi nikaendelea. Nilipohitaji kueleza nilieleza kwa maneno ya kawaida, nilipokuwa na beti nilizighani, na farasi alipotimka nilighani ule wa vumbi, na wanawake wa kisimani kwetu, waliokuwa wamekaa mstari wa nyuma, wakaupokea: "mji ukapoteleya!" Palikuwa na nyimbo zisizo katika utenzi, na mchekeshaji mmoja mwenye kilemba kikubwa ambaye sijui alitoka wapi, hao nikawaacha wajieleze. Jangwa la nne, pale pale nilipojikwaa asubuhi, nilipita bila hata kukumbuka kuogopa. Saa moja na zaidi nilisimama pale, sauti imenikauka, nimejaa furaha ambayo sikujua jina lake. Halafu nikaiona nyumba. Nikauona mlango. Rahila akashuka kwenye farasi, akapanda ngazi, akainua mkono.

"Hapa ndipo ninapoishia," nikasema. "Nisameheni, mama zangu." Nikainamisha kichwa nisione ukuta, nikakimbia kuelekea mlango wa nje, huku nyuma wanawake wananizomea na Mama Mwajuma ananiita jina langu lote.

Sijui nilipita wapi. Najua mchanga ulikuwa wa moto, na mwanamume mmoja alishuka kwenye baiskeli yake akidhani kuna moto mahali. Bibi Shani alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni. Alikuwa amevaa buibui na viatu. Wakati ule sikulitilia maanani jambo hilo. Nilipiga magoti nikihema. "Umeona?" akauliza. "Mpaka mlangoni. Nimeinuka." "Kwa nini?" "Nataka wako kwanza, Bibi." Alinitazama miguu, vumbi mpaka magotini. "Na zile za asubuhi?" "Nimezighani mbele ya jumba zima. Sikujikwaa." Hakuuliza kama nasema kweli. Alifumba macho akaanza pale pale mlangoni, wapita njia wakipita, bila chai wala mkeka.

Mlango ulifunguliwa. Nasoro hakuwa mfungwa tena. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto wawili, alikuwa amenenepa, na aliyemteka alikuwa sasa mkwewe. Hakutaka kurudi. Beti ishirini ndugu wawili walisemezana kizingitini, na sijasikia maneno makali na ya upole kama yale. Rahila akaondoka peke yake, majangwa saba katika beti saba tu, haraka haraka kama mtu asiyetaka kukumbuka. Akafika kwao. Baba yake mzee alikuwa ametoka nje kumpokea.

Babake akauliza
nduguyo umemlaza
wapi, kwenye lipi giza
mbona pekeyo wajiya?

Nikasogea karibu. Atamwambia nini? Akimwambia kweli atamuua. Akimwambia uongo, ametembea bure. Bibi Shani akashusha sauti.

Upanga akaangika
maji motoni kaweka
na mwiko akaushika
babaye kumpikiya.

Nikasubiri. Akafumbua macho. "Ndiyo basi?" nikauliza. "Ndiyo basi." "Hakumjibu?" "Wewe umesikia amemjibu?" Nilikasirika kweli. Majangwa saba, halafu ugali! Nikataka kusema hivyo, mdomo ukafunguka, na badala ya maneno yakatoka machozi, nami sikujua yalikuwa ya nani kati ya wale watatu: baba, kaka, au yeye aliyeshika mwiko. Bibi alingoja nimalize. Kisha akatazama upande wa mjini, akakohoa kidogo, akauliza kana kwamba ni jambo la hali ya hewa: "Hiyo picha inakwisha saa ngapi?"

Tulikwenda kwa mwendo ambao mguu wake haukuwa umeuzoea tangu ujana, ameshika bega langu, buibui linapepea. Mlangoni Bwana Jetha alitaka kusema neno la tiketi. Bibi akampita kama mtu apitavyo jiwe. Tulisimama nyuma kabisa, na kwa kuwa vya mbali ndivyo alivyoviona vyema, aliona kila kitu. Nyimbo na yule mchekeshaji vilikuwa vimemkawiza Rahila, Nasoro alikuwa bado amefungwa minyororo, mwembamba, mzuri wa sura. Rahila aliikata kwa upanga, wakapanda farasi mmoja, wakarudi nyumbani kwa ngoma na maua, na baba mtu akatupa mkongojo wake akacheza. Wanawake walipiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Taa zikawashwa. Ndipo mtu akamwona Bibi Shani, na jina lake likapita mstari hadi mstari, na mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akauliza kwa sauti: "Bibi, ndivyo ilivyokuwa?"

Bibi akanisukuma mbele. Nikatembea tena mpaka ukutani, sasa mweupe mtupu. Beti arobaini nilizozisikia mara moja tu, sikuweza. Nilighani kama nane hivi nikakwama, nikaanza tena, nikakwama. Na kutoka nyuma ya jumba sauti ile kubwa ikapokea, bila kunilaumu, nasi tukazimaliza hivyo, yeye akitangulia na mimi nikimfuata nusu ya pumzi nyuma, huku Anjelina amepiga magoti sakafuni kati ya maganda ya karanga anaandika, anaandika. Nje wanaume wa onyesho la jioni walikuwa wakigonga mlango, na Bwana Jetha aliyekuwa ameingia kutufukuza alibaki amesimama na funguo mkononi. Ulipokuja ubeti wa mwiko, hakuna aliyepiga kigelegele. Kisha pakazuka ugomvi mkubwa. Bibi harusi alisema ule wa picha ndio mwisho, huu si mwisho. Mama mmoja mtu mzima, mke wa mtu wa reli, akamwambia, "Subiri, mwanangu, ukae ndani ya nyumba miaka ishirini, halafu uje uniambie." Wakatoka wakigombana, wakateremka mitaani wakigombana, na nasikia kule kisimani waligombana mpaka mvua za kwanza.

Daftari la Anjelina lilifika mwisho siku ile, beti zote, na mimi niliendelea kuzighani katika nyumba za watu miaka mingi. Lakini ninachokipenda zaidi ni kile cha njiani. Tulitoka watatu, jua likiwa limeinama, Bibi ameshika bega langu na Anjelina ubavuni. Nilimuuliza Bibi, kwa hofu, kama Rahila wake ametoka. Akafikiri hatua kadhaa. "Yupo," akasema. "Amekasirika kidogo, lakini yupo." Tukatembea. Nikaona anataka kusema jambo na anajizuia, uso wake umekuwa wa kitoto kabisa. Mwishowe akashindwa. "Zuhura," akasema, "mimi nimeukuta mwisho tu. Hebu niambie. Yule farasi pale mwanzo, alipotimka, vumbi lilionekana?" Nikamwambia lilionekana, Bibi, lilifunika ukuta mzima. "Hapana, usianzie hapo," akasema, akipunguza mwendo. "Anza mwanzo kabisa. Taa zilipozimwa." Nikaanza. Tulifika kwake adhana ya magharibi inalia, na Rahila alikuwa bado hajashika mkasi.